Marahaba Kabla ya Shikamoo

Kwenye matanga ya Mama Marwa, pale Matongo, waliniweka benchi moja na Odhiambo, na mimi ambaye kijiji kizima kinaniita Redio nikaanza kuhesabu viti. Odhiambo amenenepa. Nywele zimebaki pembeni tu, juu kumekuwa uwanja wa ndege. Siku nyingine ningemwambia hivyo kabla hajakaa. Alitoka Migori asubuhi, akavuka Sirari, akapanda pikipiki mpaka mlangoni, vumbi limemshika hadi kope. Tukashikana mikono muda mrefu, tukapewa chai ya maziwa na muhogo wa kuchemsha, tukawa tunaangalia vikombe. Ndipo akaja Robhi, binti wa marehemu, akachuchumaa mbele yetu. "Shikamooni kaka zangu." Tukaitikia. "Nina jambo," akasema. "Nimetafuta kwenye simu zote. Picha za mama zipo, za kanisani zipo, za harusi yangu zipo. Sauti hakuna. Alikuwa hataki kurekodiwa, mnajua wenyewe kwa nini. Watoto wangu watasahau alivyokuwa anaongea. Ile mliyomrekodi nyie, ya kwenye boksi, ipo bado?" Odhiambo akaangalia kiatu chake kama kimemuuliza swali. Akasema, "Iko." Robhi akasema, "Basi mimi nataka kuisikia," kisha akaitwa jikoni, akaenda. Odhiambo akaniinamia, akaniita ndugu kwa Kijaluo. "Omera, hiyo kitu si ya kuwekwa hapa kwa matanga." Nikamwambia najua. Nani asiyejua, kati ya sisi wawili?

Mwaka ule dhahabu ilikuwa inatoka Matongo kama imemwagwa. Watu walikuja kutoka Geita, Shinyanga, Kenya, wengine hata hawakujua wamefika wapi, waliona wenzao wanashuka kwenye gari na wao wakashuka. Mama Marwa alikuwa na kibanda cha chakula cha mabati, vyumba viwili. Mbele meza na mabenchi, nyuma kitanda chake, magunia ya unga na pazia la maua lililokuwa limeungua pembeni. Juu ya bati kulikuwa na sola, na chini ya sola nilikuwepo mimi, nachaji simu za watu. Nimeishia darasa la saba. Najua kusoma, kuandika na kuongea, na hilo la tatu ndilo lililokuwa linanilisha, maana mteja akisubiri simu huku anacheka anasahau kwamba imechelewa kujaa. Marwa, mtoto wa kwanza wa mama, tulitahiriwa naye msimu mmoja, na kwetu huyo ni zaidi ya ndugu. Yeye alikuwa anachimba. Duara lao lilikuwa la pili kutoka kwenye kibanda. Duara ni shimo la dhahabu. Linaitwa duara hata likiwa la pembe nne, usiniulize.

Hatari ya kule chini haikuwa kifusi peke yake. Kulikuwa na mashimo ya zamani yaliyojaa maji, na hakuna aliyejua yamepita wapi. Unachimba, unachimba, unatoboa ukuta wa shimo la zamani, maji yanakuja yote kwa pamoja. Mwanzoni mwa mvua duara moja lilijaa hivyo, na watu waliotolewa mle walikuwa wateja wa Mama Marwa. Sahani zao alizitenga, hakuzitumia tena. Kesho yake akamwambia Marwa, mbele yetu, huku anachambua dagaa, "Wewe hushuki tena." Marwa akasema, "Mama, nitakula nini?" Mama akasema, "Nachambua nini hapa, mawe?"

Odhiambo alikuwa amekuja kuchimba na yeye. Alisoma mambo ya kompyuta Kisumu, akaacha katikati, akasikia habari za dhahabu. Siku ya kwanza ya kushika sururu viganja vilitoka malengelenge, jioni akala ugali kwa kijiko. Sisi wote tulimwangalia na kile kijiko. Mama Marwa akasema, "Mwacheni mtoto wa watu, mikono yake ilizaliwa jana." Kompyuta yake ya mezani, nzee, alikuja nayo kwenye gunia. Jioni ile ile ya kijiko ndipo alipotoa wazo. Unachukua dumu tupu, unalifunga kwenye waya chini ya duara. Maji yakipanda, dumu linaelea, waya zinagusana, kompyuta iliyoko kibandani inajua. Inapiga kelele kwenye spika ya tarumbeta, zile za kutangazia mikutano, na watu wanapanda kabla maji hayajawafika. Madumu matatu, maduara matatu, kompyuta moja. Mama Marwa alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga. "Boksi hilo likiongea, Marwa anashuka. Lisipoongea, ananioshea sufuria."

Odhiambo alitaka sauti ya king'ora. Mama akakataa. "Hapa ving'ora vinalia kutwa. Vya magari, vya baruti. Nani atatoka? Mkurya anatoka kwa yowe." Na ni kweli. Kwetu yowe halina mjadala. Ng'ombe wameibiwa, nyumba inaungua, mtu kavamiwa, ukisikia yowe unatoka na ulichonacho mkononi, na asiyetoka kesho anaulizwa na wenzake alikuwa wapi. Miguu inatangulia, kichwa kinafuata baadaye. Lakini sasa yowe la kurekodi utalipataje, wakati mtu hapigi yowe bila jambo? Tuliziba dirisha la chumba cha nyuma kwa godoro. Mama Marwa akakaa kitandani, tukamfunika mablanketi mawili kichwani, Odhiambo akaingiza simu yake mle ndani. Marwa alisimama mlangoni anacheka, mama naye akishikwa na kicheko, ikabidi kuanza upya. Alipolitoa lenyewe, nywele za mikono zilinisimama, na mimi nilikuwa naona kwa macho yangu kwamba hakuna kitu. Kabla hajavua mablanketi, jirani yetu mzee mmoja alishaingia na panga, ndevu amenyoa upande mmoja tu, sabuni upande wa pili. "Wako wapi?" anauliza. Akaelezwa, akaangalia blanketi, akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi. "Wewe mura, siku moja utatuua." Mura kwetu ni kijana aliyetahiriwa. Mzee akapewa chai, akanywa na sabuni yake shavuni. Jioni akamwambia mwenyekiti wa kitongoji, watu wakatangaziwa: sauti ya Mama Marwa ikitoka kwenye tarumbeta, ni maji, pandeni.

Madumu tulishayashusha, waya zikafika kibandani. Kilichobaki kilikuwa programu, na programu ikakataa. Nieleze nilivyoeleweshwa. Odhiambo aliandika maagizo, halafu kuna programu nyingine inayoyasoma hayo maagizo na kuyageuza yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kutenda. Kazi hiyo alikuwa anaiita kukompaili. Maagizo yenyewe yalikuwa na shida moja. Kompyuta ikiwa inapiga yowe la duara la kwanza, haioni la pili. Inafanya moja kwanza, ndipo ifanye lingine. "Ni kama mama akiwa peke yake," Odhiambo aliniambia. "Akikaanga samaki hawezi kurudisha chenji. Sasa anaita wasichana. Huyu anakaanga, huyu anahudumia, huyu anaangalia moto, jiko ni moja, vijiko ni hivyo hivyo, lakini kila mtu na kazi yake, wakati mmoja." Hao wasichana ndani ya kompyuta aliwaita thredi. Na wasichana hawaitwi hivi hivi, kuna laibrari yao, kama kijiji wanakotoka, programu inatakiwa ikaombe kule. Basi kila akikompaili, mistari inashuka kwenye kioo, yote inasema jambo moja: umemtaja mtu fulani wa kuita thredi, nimemtafuta, simjui.

Simjui. Wiki zikapita kwa hilo neno. Odhiambo alikuwa na binamu Kisumu, Achieng, aliyemaliza masomo na kuajiriwa. Laini ya Kenya ilikuwa inashika kwenye kilima tu, karibu na jiwe lililopasuka, kwa hiyo nilipewa simu na karatasi na kazi ya kupanda. Nilikuwa namsomea Achieng herufi moja moja kile kilichotoka kwenye kioo, naye ananiambia la kufanya, nashuka nalo. "Muulize kama ameitaja laibrari juu kabisa kwenye maandishi yake." Ameitaja. "Muulize kama laibrari yenyewe iko kwa hiyo mashine." Ipo, tumeiona. "Labda ni nzee." Tukaenda Sirari, tukawekewa nyingine kwenye flashi, mpya. Kompyuta ikaikataa hiyo mpya vibaya kuliko ya zamani, maana ilitengenezwa kwa mashine kubwa kuliko yetu. Tukairudisha ya zamani. Simjui. Wateja walishaanza kuniuliza, "Redio, huyo ndugu yenu wa kwenye kompyuta kapatikana?" Nikawaambia ameonekana Musoma, ana deni, ndiyo maana anajificha.

Kila mchana, akipakua, Mama Marwa alikuwa anauliza bila kugeuka, "Imekubali?" Odhiambo anajibu, "Bado, mama." Basi Marwa anavuta sufuria. Alikuwa na mabega ya kubeba ng'ombe, na pale anasugua masizi kwa majivu, wachimbaji wenzake wanapita wanaagiza, "Dada, niongezee mchuzi." Alicheka nao mwanzoni. Halafu akaacha kucheka. Siku moja tulikuwa tunakula, ugali wa muhogo na mtama na samaki wa kukausha, akaniambia polepole mama asisikie, "Mura, uwe unakimbia huko kilimani. Mimi nimechoka kuolewa." Nikamwambia mahari yako imeshaliwa, tulia. Sasa hivi nikila ule ugali namwona alivyokuwa anaukata, tonge kubwa, anaangalia mlangoni.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, jua likatoka kali. Marwa alimuaga mama kwamba anaenda kukata matimba, zile nguzo za kuzuia kifusi, kwamba hiyo kazi si ya kushuka. Mama akamfungia kiporo cha ugali. Mimi nikapanda kilima. Achieng alikuwa na haraka, alikuwa kazini. Nikaanza kumsomea mistari ile ile, akanikatiza. "Hiyo nishaijua kama Baba Yetu. Wacha nikuulize. Nyinyi wenyewe mnaandika nini? Kabla ikatae, mnaiambiaje?" Nikasoma amri yetu, tuliyokuwa tunaiandika kila siku bila kuiangalia. Mwanzo jina la laibrari, mwisho jina la programu yetu. Akanirudisha, nikaisoma tena. "Nani aliwaambia laibrari iende mbele?" Nikamwambia, si ndiye mkubwa? Sisi ndio tunaomba. Mkubwa tulimtanguliza kwa heshima. Tulikuwa tumelijadili hilo kabisa, mimi na Odhiambo, na mama akachangia kutoka jikoni kwamba mzee hapiti mlangoni nyuma ya watoto. Achieng alicheka mpaka watu wa ofisini kwake nikawasikia wanamuuliza. "Sikiliza, Redio. Hiyo mashine inasoma kutoka mwanzo kwenda mwisho, hairudi nyuma. Inafika kwa laibrari, inaangalia, kuna mtu ameomba kitu? Hakuna. Inaipita. Halafu programu yenu inakuja inaomba, na laibrari ishapitwa. Anayeomba anatangulia. Anayejibu anafuata." Nikasema, "Kwa hiyo tumekuwa tunaitikia marahaba kabla hatujapewa shikamoo." Akasema, "Ndio hivyo."

Sijawahi kukimbia vile tena. Nilishuka na kandambili mkononi. Odhiambo aliposikia alijipiga kofi la paji la uso, akaandika upya, jina letu mbele, laibrari nyuma, akabonyeza. Hakuna kilichoshuka kwenye kioo. "Imekataa?" nikauliza. "Imekubali," akasema. "Ikikubali haisemi kitu." Akaiwasha. Maduara matatu yakaandikwa pale, moja, mbili, tatu, kila moja na sifuri pembeni yake. Nikamwita mama aje aone, akaja na mwiko, akaangalia zile sifuri. "Ndiyo hiyo tu?" Akasema Marwa akirudi na matimba yake atafurahi, leo watu wale samaki wabichi. Akaleta maji ya kunawa. Nilikuwa nimeshika birika, namimina kwenye mikono ya Odhiambo, yowe likaanza juu ya bati.

Mama Marwa alicheka. Hilo sitalisahau. Alisimama katikati ya kibanda, mwiko mkononi, anasikiliza sauti yake ilivyojaa kijiji, akasema, "Kumbe nina sauti hivi." Mimi nilidhani Odhiambo amejaribu. Odhiambo akadhani nimegusa kitu. Halafu akaangalia kioo, na pembeni ya mbili sifuri haikuwepo. Kulikuwa na moja. Akatoka mbio, maji yanamdondoka mikononi, mimi nyuma yake, na nje watu walishaanza kutoka ardhini kila mahali, na sururu, na taa zao kichwani mchana wa jua, wengine wanauliza ng'ombe wameenda upande gani. Kwenye duara la pili walikuwa wanapanda wanasukumana. Nikawahesabu kwa sura. Nikasema, wote wapo, Mungu mkubwa, Marwa yuko porini anakata matimba. Wa mwisho kutoka alikuwa kijana wa Tarime mjini, amelowa mpaka kifuani. Akanishika shati. "Marwa yuko chini."

Baadaye, akiwa amefunikwa blanketi, yule kijana alitusimulia na hajabadilisha neno mpaka leo. Marwa alikuja pale asubuhi akasema anashuka mara moja tu, mama asijue. Yowe lilipoingia kwenye shimo wenzake wote waliacha zana wakakimbilia kamba. Yeye alikaa kitako akacheka. "Huyo ni mama kwenye boksi," akawaambia. "Nilikuwepo wakati anarekodiwa. Kina Redio wamefaulu. Jamani, wamefaulu." Yule kijana akamwambia twende, akamjibu, "Tangulia, najaza huu mfuko, kesho nashuka kwa ruhusa." Wote waliokuwa hawajui kitu waliokoka. Yeye alijua kila kitu, sauti ni ya nani, ilitokea chumba gani, nani alikuwa anacheka mlangoni, na kile alichokijua ndicho kilichomkalisha. Nimeligeuza hilo jambo kwa miaka yote hii, nikiwa na watu na nikiwa peke yangu, sijaona pa kulishika. Programu haikukosea. Achieng hakukosea. Ilifanya kazi mara ya kwanza ilipowashwa, kama tulivyomwahidi mama.

Mama Marwa alifika pale duarani na mwiko wake. Hakuna aliyemwambia. Aliangalia nyuso zetu, moja baada ya nyingine, kisha akaangalia kamba iliyokuwa inaning'inia bila mtu. Ndipo akapiga yowe. Na kule kibandani hakuna aliyebaki wa kuzima boksi, kwa hiyo yowe la kwenye tarumbeta nalo lilikuwa bado linaendelea. Sauti moja, mama mmoja, kwa wakati mmoja: huku anapiga lile la siku ya kicheko, huku anapiga la kweli. Watu walikuwa wanageuza vichwa, hawajui wamfuate yupi. Betri ya sola ilipoisha, lile la bati likakatika katikati. La mama halikukatika.

Marwa tulimzika nyuma ya nyumba, pale pale ambapo juzi tumemzika mama yake. Odhiambo alikaa mpaka matanga yalipoisha, akarudi kwao na kompyuta yake kwenye gunia. Mama hakumlaumu hata siku moja. Alimfungia samaki wa njiani, akamwambia, "Wale wengine waliopanda wana mama zao." Ni hivyo tu. Lakini kuanzia hapo ukimwelekezea simu alikuwa anaweka kiganja mbele yake, na kwenye nyimbo za kanisani alikuwa anafungua mdomo bila kutoa sauti, mimi nilikuwa nakaa nyuma yake, namwona.

Basi juzi, watu walipomaliza kula, Robhi akarudi. Akasimama mbele yetu. Tukatoka naye mpaka nyuma ya choo cha zamani, mahali pasipo na watu. Odhiambo akatoa simu. Aliniambia ile rekodi ameihamisha kutoka simu hadi simu miaka yote, nzima, siyo ule mkato uliokuwa kwenye boksi. Akapunguza sauti mpaka ikakaribia kuisha, akaweka kidole gumba juu ya kioo, akamwambia Robhi, "Nitaizima kabla. Usiniambie niendelee." Robhi akatikisa kichwa kukubali.

Zikaanza kelele za blanketi. Mbwa akabweka mbali. Halafu mama, karibu kabisa, kama yuko ndani ya nguo zetu: "Nianze sasa?" Odhiambo wa zamani akasema, "Anza, mama." Kukawa kimya, na kwenye ule ukimya mtu akacheka, kicheko cha kuzuia kinachotokea puani, na mimi nikashika ukuta. "Marwa, toka hapo, unanichekesha. Nitapigaje yowe na wewe unacheka? Hakuna kitu kibaya hata kimoja hapa." Naye akacheka. Wakacheka wote wawili. Kisha ukasikia mama anatulia, anavuta pumzi ndefu, na Odhiambo akabonyeza.

Uani waliendelea kuosha vyombo. Hakuna aliyegeuka.

"Rudisha mwanzo," Robhi akasema.